Salama kwa Nani?

Mama fua alinikuta kwa ngazi Jumamosi moja asubuhi, beseni la nguo mbichi limekaa kiunoni, akanizibia njia. Siku hiyo hakuwa na salamu ndefu.

"Kijana, si wewe ndio unafanyanga kazi ya kompyuta?"

Nikasema ndiyo.

"Hii busta wameweka huko juu. Iko salama?"

"Iko salama, mama," nikamjibu, bila kufikiri hata sekunde mbili. "Usiskize watu wa WhatsApp."

Alinitazama kidogo, akasema haya, akaendelea kupanda. Mimi nikashuka dukani kununua maziwa, nikijiona mwerevu.

Tangu siku hiyo nimelirudia jibu lile kichwani kama ulimi unavyorudia jino bovu. Si kwamba lilikuwa uongo. Kwa sehemu kubwa lilikuwa kweli. Shida ni ile sehemu ndogo iliyobaki, na mtu aliyekuwa amesimama ndani yake.

Wacha nikueleze ploti yetu kwanza. Iko Zimmerman, ghorofa sita, zile za kawaida: duka la M-Pesa na kinyozi chini, ngazi zisizo na taa, na juu kabisa matangi ya maji na kamba za nguo. Jioni moja vijana waliovaa helmeti walifika na pikapu, wakapandisha vyuma kwa kamba, na kufikia kesho yake asubuhi kulikuwa na antena tatu juu ya vichwa vyetu, nyeupe, ndefu kama milango ya kabati, kila moja ikitazama upande wake. Mwenye ploti hakutuandikia hata ujumbe. Keateka alipoulizwa alisema yeye aliambiwa tu afungue mlango wa juu.

Grupu ya WhatsApp ya wapangaji ikawaka. Mmoja akaleta video ya mnara unaoteketea Uingereza, na hilo lilitokea kweli, 2020, watu walipochoma minara wakiamini 5G ndiyo inaeneza korona. Mwingine akasema antena zinaleta saratani. Mwingine, zinamaliza nguvu za kiume, na hapo ndipo wanaume wa grupu ambao hunyamaza hata tukidaiwa pesa ya maji wakaanza kuchangia kwa bidii.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuwacheka. Miaka michache nyuma nilikuwa napata vibarua vya kutafsiri vile vijitabu vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la simu, vile unavyovitupa pamoja na plastiki. Humo ndimo nilimokutana na herufi tatu, SAR. Ni kipimo cha nishati ya mawimbi ya redio inayofyonzwa na mwili, kwa wati kwa kila kilo ya mwili. Piga *#07# na simu nyingi zitakuonyesha kiwango chake. Ulaya, kikomo cha kichwa na kiwiliwili ni wati 2 kwa kilo, kwa wastani wa gramu 10 za tishu. Marekani ni 1.6, kwa wastani wa gramu 1. Nilizitafsiri tarakimu hizo mara nyingi mpaka zikaanza kunifariji, kama mtu anavyofarijiwa na sala asiyoielewa vizuri.

Baadaye nikatafuta zinakotoka. Kuna tume ya kimataifa ya wanasayansi inayoitwa ICNIRP, ambayo nchi nyingi hufuata mwongozo wake. Ilitoa mmoja 1998, ikaurekebisha 2020. Hesabu yake, ukiivua maneno makubwa, ni ya joto. Mwili mzima ukifyonza wati 4 kwa kila kilo kwa takriban nusu saa, joto lake la ndani hupanda kama nyuzi 1. Wakachukua hiyo 4, wakaigawa kwa 10 kupata kikomo cha wafanyakazi wa mitambo, yaani 0.4. Kisha wakaigawa kwa 50 kupata kikomo cha watu wengine wote: 0.08.

Na mawimbi haya si eksirei. Hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwa atomu. Hata mwanga wa balbu ya jikoni kwako una chembe zenye nguvu kuyashinda kwa mbali. Ni kweli kwamba 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Kwenye kundi hilohilo kuna mboga za achari za Asia. Huenda ni neno pana sana.

Halafu kuna umbo la antena zenyewe. Hazimwagi mawimbi chini kama bafu. Huyatupa mbele, kama tochi iliyoinamishwa kidogo, kwa hiyo anayelala chini yake moja kwa moja anapata kidogo, na slabu ya zege inapunguza hata hicho. Tena, simu yako hupandisha sauti kadiri inavyohitaji kusikika. Ukiwa karibu na busta inanong'ona. Ukiwa kwa matatu mahali mtandao umebaki kijiti kimoja, inapiga kelele, na kelele hiyo iko kando ya sikio lako. Mpangaji aliyehama ghorofa ya sita kwa kuogopa antena, akaenda kuishi mahali mtandao ni wa kubahatisha, pengine ameongeza kile alichokuwa anakikimbia.

Kwa hiyo nilikuwa na majibu. Wueh, nilikuwa na majibu kweli.

Wiki mbili hivi baadaye mama fua akaenda ushago kwa matanga, nikalazimika kufua mwenyewe. Nikapanda na ndoo yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kule juu tangu antena ziwekwe, na hilo peke yake lingepaswa kuniambia kitu: nilikuwa nimetoa hukumu juu ya mahali ambapo sikuwa hata nimepanda kupaangalia.

Antena mbili zilikuwa zimeinuliwa kwenye vyuma virefu, juu kabisa ya kichwa cha mtu. Ya tatu, labda kwa ajili ya ploti jirani iliyotuzidi urefu, ilikuwa imefungwa chini, usawa wa kifua changu, ikitazama mashariki. Upande wa mashariki ndiko kuna waya wa blanketi, kwa sababu jua hufika huko kwanza. Waya ulipita mbele ya antena, hatua mbili. Na kwenye chuma kulikuwa na stika: pembetatu ya manjano, mchoro wa antena inayotoa mawimbi, na maandishi ya Kiingereza yenye ukubwa wa siafu yaliyokataza mtu asiye na ruhusa kupita hapo. Ili uyasome ilibidi usimame palepale yalipokukataza kusimama.

Karibu na antena, mbele yake, ndipo vikomo vinaweza kupitwa. Hili si siri. Ndiyo sababu ya stika. Nguvu hupungua haraka ukirudi nyuma. Lakini mama fua hufulia nyumba tano. Jumamosi huwa kule juu tangu saa tatu mpaka saa nane, na hashuki akimaliza kuanika, kwa sababu nguo za Zimmerman zikiachwa peke yake huota miguu. Hukaa kwenye kivuli cha blanketi, anakula chapati na maharagwe, analinda.

Sisemi aliumia. Hata kikomo chenyewe kimewekwa mbali na madhara, na wastani wake hupigwa kwa dakika 30, si kwa nukta moja ya kuinama mbele ya antena. Ninachosema ni kwamba aliniuliza swali lake, mimi nikajibu swali langu. Mimi nilikuwa nafikiria kitanda changu ghorofa ya nne. Yeye alikuwa anauliza na beseni kiunoni, akielekea juu.

Nilirudi kwenye mwongozo ule, safari hii nikisoma maneno badala ya tarakimu. Nilikuwa nimeipita sehemu moja bila kuiona. Kwa nini mfanyakazi agawiwe kwa 10 na mtu wa kawaida kwa 50? Nilidhani ni mambo ya miili, labda watoto, wazee, wagonjwa, na hao wamo kweli. Lakini sababu nyingine iliyoandikwa ni ya maarifa. Mfanyakazi ni mtu mzima aliyefunzwa, anayejua kuna mawimbi na anajua la kufanya kujikinga. Mtu wa kawaida huenda hajui kabisa kwamba kuna kitu mbele yake, na hana uwezo wa kukipunguza. Kwa hiyo, kwa sababu hajui, anawekewa kikomo cha chini mara tano.

Fikiria hilo kidogo. Wahenga wetu walisema asiyejua maana haambiwi maana. Wahandisi, ndani ya hati kavu ya mionzi, wamesema kinyume: asiyejua anadaiwa zaidi. Kutojua kwako si kosa lako, ni deni la yule anayejua. Kwangu hiyo ni mojawapo ya sentensi nzuri za maadili nilizowahi kusoma, na iliandikwa na watu ambao nia yao ilikuwa kupima joto la nyama.

Shida inaanza deni linaposhuka kutoka kwenye karatasi. Kikomo cha mtu wa kawaida kinafanya kazi tu ikiwa kuna mtu amehakikisha kwamba mtu wa kawaida hafiki mbele ya antena. Kwenye mchoro wa mhandisi paa ni mahali pasipo na watu. Unafunga mlango, unabandika stika, umemaliza. Nairobi paa ni uwanja. Watu wanaanika, wanasukana, wanasomea mtihani, wanalia wakiachwa. Mlango wa juu unafunguliwa alfajiri kwa sababu bila hivyo ploti nzima ingevaa nguo mbichi. Na yule fundi aliyevaa helmeti, anayejua, ambaye kikomo chake kiko juu, alikaa kule jioni moja akaenda zake. Anayekaa kule kila Jumamosi ni yule ambaye mwongozo unasema alindwe mara tano zaidi.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Habari yako? Salama. Watoto? Salama. Salama ni jibu la salamu kabla ya kuwa jibu la swali, tunalitoa hata nyumba ikiungua. Nadhani ndivyo nilivyomjibu mama fua: nilimsalimia. Alikuwa ameuliza kitu, mimi nikamrudishia adabu.

Lugha yetu inatenganisha pia idhini na ridhaa. Idhini inatoka juu, kwa mwenye mamlaka. Ridhaa inatoka kwako. Simu haitakiwi kuuzwa Kenya kabla aina yake haijaidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na 2012 simu bandia zilizimwa kabisa kwenye mitandao. Hiyo ni idhini, nami ninaithamini. Sitaki kuishi mahali ambapo kila mtu anajipimia simu yake. Lakini kilichoidhinishwa kinapimwa namna gani, na kwa mwili wa nani? Simu hupimwa kwa kuwekwa kwenye kichwa bandia kilichojazwa majimaji, na vipimo vya kichwa hicho vilitokana na wanajeshi wa Marekani wenye vichwa vikubwa. Hoja yao ni kwamba kichwa kikubwa hufyonza zaidi, kwa hiyo huyo akiwa salama wengine wote wamo. Wapo wanaoibishia, hasa wakitaja watoto. Nami nikiwa mtafsiri nilikuwa naandika kila mara ile sentensi ya kumtaka mtumiaji aweke simu angalau milimita 5 kutoka mwilini. Simu yenyewe, nikiandika, ilikuwa kwa mfuko wa suruali, imebanwa pajani.

Ufaransa iliwahi kuuliza swali hilo la mfuko kwa vitendo. Septemba 2023 wakala wao wa masafa, ANFR, alichukua simu zilizokuwa sokoni na kuzipima, na iPhone 12 ikaonyesha wati 5.74 kwa kilo kwenye kipimo cha mkono na mfuko, ilhali kikomo cha viungo ni 4. Uuzaji ukasimamishwa. Apple ilipinga kipimo hicho, kisha ikatoa sasisho la programu kwa simu za Ufaransa. Hatari kwa mtu ilikuwa ndogo sana, hata wataalamu wengi walisema hivyo. Kinachonivutia ni kwamba simu ile ilikuwa madukani karibu miaka 3, ikiwa na stakabadhi zake zote. Iligunduliwa kwa sababu mtu fulani alirudi kupima. Stika kwenye boksi inakwambia kuna mtu aliwahi kuangalia. Haikwambii kama bado anaangalia.

Na kuna kesi ya Marekani ninayoipenda zaidi. Tume yao ya mawasiliano, FCC, iliweka vikomo vyake 1996, na 2019 ikaamua kuviacha vilivyo. Wanaharakati wakaenda mahakamani. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya Washington ikawapa ushindi wa aina ya ajabu. Majaji hawakusema simu zinadhuru. Walisema wazi kwamba hawaingilii ubishi wa kisayansi. Walichosema ni kwamba tume haikueleza vya kutosha kwa nini vikomo vya zamani bado vinatosha, hasa kwa watoto na kwa matumizi ya muda mrefu. Rudini mkaeleze. Yaani unaweza kuwa sahihi na bado ukashindwa kesi, kwa sababu ulidaiwa maelezo ukatoa jibu.

Nilipoisoma niliona uso wangu kwa ngazi.

Wapangaji wenzangu walikosea kuhusu saratani, kuhusu korona, kuhusu nguvu za kiume. Lakini chini ya makosa hayo kulikuwa na lalamiko moja ambalo halikuwa na kosa lolote: kuna kitu kimewekwa juu ya nyumba tunayolipia kodi, pesa inaenda kwa mtu mmoja, na hakuna aliyetuambia. Hawakuwa na maneno ya kusema hivyo, wakatumia maneno waliyopata, na maneno yaliyokuwa karibu yalikuwa ya uvumi. Sisi tunaojidai kujua tukashambulia uvumi, tukashinda, tukaenda kununua maziwa.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi, alinipinga vikali nilipomweleza haya. Alisema ukitaka ridhaa ya kila mtu hutajenga chochote. Kwamba hakuna aliyeniomba ridhaa ya moshi wa matatu, ambao unaniua kweli. Kwamba mama fua analipwa kwa M-Pesa, na anapata kazi kwa kupigiwa simu, kupitia antena ileile. Yote ni kweli. La moshi hasa lilinichoma. Lakini sidhani tulikuwa tunadai ridhaa ya kila mtu. Maelezo ni bei rahisi kuliko ridhaa. Karatasi moja mlangoni, kwa Kiswahili, yenye mchoro unaoonyesha pa kukaa na pa kutokaa. Waya usogezwe kabla antena haijawashwa. Ni kazi ya asubuhi moja.

Tuliandika barua, mimi na wapangaji wengine wanne, kwa mwenye ploti na kwa kampuni. Tuliuliza nani alipima, alipima wapi, alipata nini. Tulitaja Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari, hata iliyo mikononi mwa mtu binafsi, ikiwa anaihitaji kulinda haki yake nyingine, na Kifungu cha 42, cha mazingira safi na yenye afya. Keateka aliisoma kabla ya kuipeleka, akauliza kama jina lake limo.

Mama fua aliporudi nilimngoja juu. Nilimwonyesha antena, stika, waya. Nikamweleza tochi inavyomulika, nikamwambia asikae mbele yake. Alisikiliza yote, mikono ikikamua shuka.

"Kwa hivyo si salama."

"Kwa wale wako ndani ya nyumba ni salama, mama. Hapa mbele yake, siwezi kukuambia hivyo."

Akacheka, si sana. "Sasa mimi nitakaa ndani ya nyumba ya nani?"

Sikuwa na jibu, na nashukuru kwamba angalau mara hii sikulitoa.

Mimi na keateka tulifunga waya mpya magharibi, kati ya matangi. Blanketi huko hazikauki mpaka jioni, na wapangaji wawili walimlalamikia mama fua kwamba zinanuka uvundo, mmoja wao akiwa ametia sahihi ile barua. Jumamosi ya tatu nilikuta waya wa mashariki umerudishwa mahali pake. Aliyeurudisha sijamuuliza. Barua haijajibiwa. Siku hizi mama fua anaanika haraka, anarudi kukaa nyuma ya tangi, na kila baada ya muda anatokeza kichwa kuhakikisha blanketi za watu bado zipo.